NYASI ZA MKUBWA ZANYWA, MTOTO WA MLALAHOI ANA KIU!

NDUGU msomaji, wewe uliyelinunua gazeti hili kwa pesa yako ya chai, na wewe unayelisoma bure begani kwa mwenzako hapo kituo cha daladala, leo naomba tuziweke kando habari za nani kahama chama na nani kapewa cheo. Leo tuzungumze nyasi. Ndiyo, nyasi! Usicheke, wala usifungue ukurasa wa michezo. Ukinifuata hadi mwisho utaona kwamba katika nyasi hizo umo wewe, yumo mdogo wako aliyeko chuoni, na wamo wale wanaokula kuku kwa mrija.

Turudi nyuma kidogo, Oktoba 2022. Vuli ilichelewa, Mto Ruvu ukanywea, na jiji zima la Dar es Salaam likashika ndoo. Wakubwa wenyewe walitutangazia kwamba maji yanayozalishwa yameshuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi lita milioni 300. Ratiba ya mgawo ikatoka. Mtaani kwetu dumu la lita 20 likafika shilingi 500, na siku nyingine ukikuta mwenye mkokoteni kaamka vibaya unaambiwa 1,000. Akina mama na dada zetu wakawa wanaamka saa tisa usiku kuvizia bomba, na bomba linatoa upepo. Wewe mwenyewe ulikuwapo. Ulioga kwa kopo, tena ukajipangusa zaidi kuliko ulivyooga.

Basi katika siku hizo hizo nilikwenda kumwona mdogo wangu katika chuo kimoja cha hapa hapa jijini. Jina la chuo nalihifadhi. Si kwa woga. Nikikitaja kimoja, vingine vitashusha pumzi na kusema, "Afadhali si sisi." Nataka kila mkuu wa chuo anayesoma hapa ajiulize kama ni cha kwake.

Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Mbele ya jengo la utawala pana uwanja wa nyasi, kijani kibichi kama kanga mpya. Katikati ya uwanja vinyunyizio viwili vinazunguka, vinarusha maji juu kama sherehe. Maji mengine yanapeperushwa na upepo, mengine yanaangukia lami, yanateremka hadi mtaroni na kwenda zake baharini. Nikazunguka nyuma, kwenye mabweni. Huko nikakuta foleni ya ndoo. Vijana wa ghorofa ya tatu wameshuka na madumu, wanasubiri kijana wa mkokoteni. Mdogo wangu akaniambia bomba la bwenini halijatoa hata tone kwa siku tatu. Vyoo usiulize. Yeye na mwenzake wanachangia dumu moja kwa siku, na hela yenyewe imetoka kwenye mkopo wa kula.

Kutoka kwenye kinyunyizio mpaka kwenye foleni ile si hatua mia mbili. Chuo ni hicho kimoja, na maji ni ya Ruvu hiyo hiyo.

Nikamfuata mzee mtunza bustani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee wangu, samahani. Mbona unamwagilia saa hizi, na jua lote hili?"

Mzee akanitazama, akatazama dirisha la ghorofani, akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mimi nimeagizwa. Karibuni kuna mahafali, mgeni rasmi anakuja. Nyasi hizi zikikauka, kibarua changu ndicho kitakachoota nyasi. Mimi mwenyewe mchicha wangu nyumbani naumwagilia alfajiri. Maji ya saa saba anakunywa jua."

Ndugu msomaji, mzee yule hakusoma chuo kikuu. Lakini katika eneo lile lenye madaktari wa falsafa wa kila namna, yeye ndiye aliyesema jambo la kitaalamu, tena yeye ndiye aliyefungwa mdomo. Hapo ndipo nilipoamua kwamba ipo siku nitaandika.

HESABU YA DARASA LA SABA

Usidhani napiga kelele za jukwaani. Toa kalamu tupige hesabu, kwa sababu wakubwa wanapenda kusema, "Ah, maji ya bustani ni kidogo tu."

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hiyo haina ubishi. Nyasi zinazotakiwa kubaki kijani katika joto la pwani, wakati mvua hakuna, zinahitaji karibu milimita 5 kwa siku. Sasa chukua eneo la kiwanja kimoja cha mpira, mita 105 kwa mita 68. Ni mita za mraba 7,140. Zidisha kwa 5, unapata lita 35,700. Hizo ni za siku moja!

Gawa kwa dumu la lita 20. Ni madumu 1,785. Kwa bei ya mgawo, shilingi 500 kwa dumu, nyasi hizo zinakunywa shilingi 892,500 kila siku ya Mungu. Kwa mwezi wa siku 30 ni zaidi ya lita milioni moja. Na hapo nimempa mkubwa heshima zake: nimedhani hakuna tone linalopotea njiani. Ukimwagilia saa saba mchana kwa kurusha maji hewani, upepo na jua vinachukua fungu lao kwanza, kwa hiyo unamwaga zaidi ili nyasi zipate kile kile.

Madumu 1,785 ni watu 1,785, kila mmoja na dumu lake la kunywa, kupika na kunawa. Ni bweni zima, na chenji inabaki. Tena maji hayo si ya bwawani. Yamevutwa Ruvu kwa umeme, yamesafishwa, yametiwa dawa, yamesukumwa kilomita kadhaa hadi mjini. Yamefika, ndipo yanamwagiwa majani ambayo hata mbuzi haruhusiwi kuyala.

NANI ANYWE KWANZA?

Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ukaja, ukapita, na mama yako kule kijijini bado alikuwa na ndoo kichwani. Ikaja Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002. Sera hiyo inasema wazi kwamba mahitaji ya msingi ya binadamu ndiyo yanayopewa kipaumbele cha kwanza. Mtu kwanza, mengine baadaye. Hapo hapana neno la kugombana.

Sasa nakuuliza wewe msomaji: nyasi za mbele ya ofisi ya mkuu ziko nafasi ya ngapi?

Kumbuka pia ni nani walionyooshewa kidole ukame ulipobana. Ni mkulima wa bustani wa kando ya Ruvu na pampu yake ndogo. Ni mfugaji na ng'ombe wake. Hao waliambiwa wanaikausha mito. Sikatai, bonde la mto lazima lilindwe, na anayechepusha maji bila kibali azuiwe. Lakini yule mkulima akimwagilia nyanya, nyanya zinakuja Kariakoo, wewe unakula. Mkubwa akimwagilia nyasi, wewe unapata nini? Unapata bango: "USIKANYAGE MAJANI."

Huo ndio mchezo, kijana mwenzangu. Ukame unapokuja, mdogo anaambiwa ajibane kwa ajili ya taifa, na mkubwa anaendelea kumwagilia kwa ajili ya mgeni rasmi.

KASUMBA YA KIJANI

Watakujibu kwamba chuo lazima kipendeze. Vizuri. Lakini nani kasema uzuri wa chuo ni nyasi fupi za kijani mwaka mzima? Hiyo ni kasumba tuliyoachiwa na Mwingereza. Kwao mvua ya rasharasha inanyesha karibu kila mwezi, nyasi zinajinywesha zenyewe. Sisi huku tuna masika na vuli, na katikati tuna jua. Ndivyo Mungu alivyoipanga pwani hii.

Na ukoka wetu unalijua jua hilo kuliko mkuu wa utawala. Ukikosa maji, ukoka unakuwa rangi ya udongo, unalala. Mizizi iko chini, hai, imeshika ardhi isiwe vumbi. Mvua ikinyesha, siku chache tu umeamka. Kwa hiyo nyasi za kahawia wakati wa ukame si aibu, wala si uzembe wa mtunza bustani. Ni nyasi zenye akili.

Mti ndio usiochezewa. Mkwaju, mwarobaini, mwembe uliopandwa kabla wewe hujazaliwa, ukifa leo unasubiri miaka 20 au 30 kupata kivuli kingine kama kile. Mti mkubwa hauhitaji kinyunyizio. Unahitaji maji ya polepole, yanayozama chini, mara chache, tena yamwagwe pale kivuli cha matawi kinapoishia na si kwenye shina, maana mizizi inayonywa imeenea mbali. Ukitandaza majani makavu juu ya udongo, jua halipati pa kunyonya. Lakini utakuta chuo kinafagia majani yote, kinayachoma moto, halafu kinamwagilia udongo mtupu! Huo si usafi. Ni kuunguza matandazo ya bure na kununua kiu.

WENZETU WALIFANYAJE?

Utaambiwa, "Hayo ni mambo ya nchi maskini." Si kweli. Twende Marekani, jimbo la California, lenye utajiri ambao sisi tunauona kwenye filamu. Tarehe 1 Aprili 2015, katikati ya ukame mkali, Gavana Jerry Brown alipanda milima ya Sierra Nevada hadi mahali wanapopima theluji kila mwaka. Alisimama juu ya nyasi kavu, theluji hakuna. Hapo akatangaza amri kwamba matumizi ya maji ya mijini yapungue kwa asilimia 25. Amri hiyo ilitaja kwa majina ya kazi zao wale wenye nyasi nyingi: vyuo, viwanja vya gofu na makaburi. Wote waanze mara moja kubana maji ya kunywa. Ikapiga marufuku kumwagilia kwa maji ya kunywa nyasi za mapambo katikati ya barabara za umma. Ilipofika mapema 2016, jimbo zima lilikuwa limeokoa karibu asilimia 24. Nyasi ziligeuka kahawia, na wanafunzi wakaendelea kusoma.

Twende Cape Town, Afrika Kusini. Mwanzoni mwa 2018 mji ule ulikuwa unahesabu siku za kufunga mabomba. Kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kila mtu aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku: kuoga, kupika, choo, kila kitu. Kumwagilia bustani kwa maji ya manispaa kulipigwa marufuku kabisa. Wenye majumba ya kifahari nao wakaoga ndani ya beseni na maji yale wakayamwaga chooni. Mabomba hayakufungwa. Mvua za mwaka huo zikawakuta bado wana akiba.

Kwa kipimo kile cha lita 50, kiwanja chetu cha nyasi hapo juu ni maji ya watu 714. Mkuu wa chuo yeyote na aseme hadharani ni wanafunzi gani 714 anaotaka wasioge leo.

Na usidhani utaalamu hatuna. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kina mabwawa yake ya kutibu majitaka, na wataalamu wetu wameyafanyia utafiti kwa miaka mingi, pamoja na namna ya kusafisha majitaka kwa kuyapitisha kwenye changarawe na mimea ya majini. Vitabu vipo. Tulichokosa ni mkubwa wa kutoa amri.

MAJIBU YA DANGANYA TOTO

Najua watakavyojibu. Wa kwanza atasema, "Sisi tuna kisima chetu." Sawa mheshimiwa. Lakini hii ni pwani. Ukivuta maji ya chini kupita kiasi, maji ya chumvi ya bahari yanaingia. Kisima chako na cha jirani vinakunywa chungu kimoja. Halafu kama kisima kina maji, kwa nini bomba la kisima limekwenda kwenye nyasi na halikwenda bwenini?

Wa pili atasema, "Tatizo limekwisha, miradi imekuja." Ni kweli visima vya Kigamboni vilizinduliwa Novemba 2022, vya lita milioni 70 kwa siku. Ni kweli pia mkataba wa Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, ulitiwa saini mwaka huo huo, bwawa la kuhifadhi lita bilioni 190. Tunashukuru, ingawa bwawa hilo limezungumzwa kwa miongo mingi hadi waliolisikia kwanza wamekuwa mababu. Lakini ndoo iliyotoboka haijazwi kwa kuongeza bomba. Ukame utarudi, na nyasi zitakuwa zimezoea kunywa zaidi.

Wa tatu atasema, "Basi tung'oe nyasi tuweke matofali." Huyo naye mshike shati! Matofali kila mahali yanageuza chuo kuwa kikaango, na mvua ikija maji hayana pa kuzama, yanakwenda kumfurikia maskini wa bondeni. Acheni nyasi zilale, zitaamka.

TUNACHOTAKA

Kwanza, kila chuo kifunge dira ya maji ya bustani peke yake, na kila mwezi namba yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo karibu na matokeo ya mitihani. Wizi hupenda giza, na upotevu vile vile.

Pili, ratiba ya mgawo ikitangazwa, maji ya kunywa yasiguse nyasi. Yabaki kwa miti michanga na bustani za mafunzo tu, tena kabla ya jua kuchomoza.

Tatu, maji ya kuogea na kufulia ya mabwenini yakusanywe yanyweshe miti. Yatumike siku hiyo hiyo yasioze, na yasimwagiwe mboga.

Nne, mapaa ya madarasa yavune mvua. Paa la mita za mraba 1,000, kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hata ukipoteza moja ya tano, unabaki na lita 800,000. Ni madumu 40,000 yanayoshuka bure kutoka mbinguni, na sisi tunayaelekeza mtaroni.

Tano, mzee mtunza bustani apewe waraka wenye sahihi unaosema nyasi kuwa kahawia wakati wa ukame si kosa. Kibarua chake kisiote nyasi kwa sababu nyasi hazikuota.

Hakuna hapo linalohitaji mfadhili kutoka Ulaya. La kwanza linahitaji fundi bomba wa siku moja, la pili na la tano yanahitaji karatasi na kalamu.

NA WEWE JE?

Sasa nakugeukia wewe, kijana wa mjini, ili usiondoke hapa ukidhani nimewasema wakubwa peke yao. Wewe unayeosha pikipiki kwa mpira unaotiririka huku unapiga soga, ndoo moja na kitambaa vinakutosha. Wewe mwanafunzi, maji yakirudi usiku na koki umeiacha wazi, unasubiri nani aamke aifunge? Utamlaumu vipi mkubwa kwa kinyunyizio wakati koki yako inavuja na unaitazama?

Na sisi wa mageuzi tusijisahau. Tunapanda jukwaani tunasema maji, maji, maji. Siku tukipewa halmashauri, mtakuja kutazama nje ya ofisi zetu. Mkikuta ukoka wa kijani katikati ya kiangazi, na jirani ana ndoo kichwani, basi mjue tumekuwa wale wale, tumebadilisha shati tu. Siku hiyo mtunyime kura.

Nilimaliza kumwona mdogo wangu, nikaondoka jioni. Foleni ya ndoo bado ilikuwapo. Kule mbele vinyunyizio vilikuwa vimezimwa, nyasi zinang'aa, zimeshiba. Mzee alikuwa anakunja mpira wake. Nikamwambia, "Mzee, tutaonana." Akanijibu, "Mwanangu, ukiandika, usinitaje."

Sikumtaja. Lakini wewe unayesoma chuo chochote chenye nyasi, kesho saa saba mchana toka nje ukatazame. Ukikuta vinazunguka, hesabu dakika, andika, na upeleke kwenye serikali yenu ya wanafunzi. Uliza swali moja tu, kwa adabu, mbele ya watu: dira ya maji ya bustani iko wapi, na inasoma ngapi?

Wasalaam.